Wembamba wa Reli

Methali zetu nyingi kuhusu vitu vidogo zimetoka shambani, jikoni au baharini. Hii ilikuja na chuma: usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita. Reli ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika ukingoni mwa ziwa, Kisumu, mwaka 1901. Reli ya Kati iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikaingia Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo ni methali kijana, na vijiweni kazi yake kubwa bado ni kumnyamazisha anayecheka mwili wa mwenzake. Mimi naipenda zaidi sokoni.

Mtu akitaka kumtia moyo anayeanza biashara humwambia haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, ila maneno hayo huahidi kwamba kidogo kitaongezeka mpaka kijae. Reli haiahidi hivyo. Iliyotandikwa leo itakuwa nyembamba vilevile miaka hamsini ijayo, pengine zaidi, maana magurudumu huila. Haikui, hubeba tu. Mahali gurudumu la chuma linapogusana na reli hapazidi sana ukubwa wa sarafu, na juu ya vijisarafu hivyo hukaa behewa zima na shehena yake. Hata reli mpya ya Tanzania, iliyoanza kupeleka abiria Morogoro na Dodoma mwaka 2024, imetanuliwa nafasi kati ya chuma na chuma kutoka milimita 1,000 hadi 1,435, lakini pale panapobeba bado ni padogo.

Nadhani hapo ndipo wengi wanapokosea wanapozungumzia fursa ndogo. Wanaivumilia kwa matumaini kwamba kesho itakuwa kubwa, na isipokua wanaitupa. Mwangalie mteja wa dukani anayenunua mafuta ya kupima, robo ya sukari, kipande cha sabuni. Muuzaji asiyejua kazi humhudumia huku amenuna, jicho lake likimtafuta wa katoni nzima. Mteja huyu hatageuka kuwa wa jumla hata apewe miaka kumi. Analipwa kwa siku, kwa hiyo ananunua kwa siku. Lakini atarudi kesho, na keshokutwa, na akirudi mtaji unazunguka. Wa katoni huja mara moja kwa mwezi, anataka apunguziwe bei, na mara nyingi anataka akopeshwe. Huyu wa robo ndiye pia atakayekuambia, bila kujua kwamba anakuambia, kuwa nyumba tatu za jirani zimehamiwa na watu wenye watoto wachanga na hakuna anayeuza maziwa karibu.

Habari kama hizo zina thamani kubwa kuliko faida ya robo yenyewe. Safaricom waliliona hilo mwaka 2005, walipoanza kuijaribu M-Pesa Nairobi na Thika kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Kusudi lilikuwa jembamba kweli: wakopaji wadogo wa taasisi moja wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Nani angelichangamkia? Wale watu wachache waliopewa simu wakaanza kuzitumia kwa mambo ambayo hawakufundishwa. Walilipana wao kwa wao, walimtumia fedha ndugu aliye mbali, wengine waliweka pesa kwa wakala upande mmoja wa safari na kuzitoa upande wa pili ili wasizibebe njiani. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imesogezwa kando na tangazo lilihusu kutuma fedha nyumbani. Wangelidharau jaribio lile kwa sababu ya uchache wa watu wake, wasingeliona wateja wakiwafundisha kazi. Na kamisheni ya wakala kwa muamala mmoja ilikuwa ndogo tangu siku ile, na ni ndogo mpaka leo.

Kuna jambo la kimaadili humu, si la hesabu peke yake. Anayedharau hupima kwa jicho kitu kinachopaswa kupimwa kwa mzigo. Kosa hilo hilo humfanya ampite mama ntilie akidhani hana biashara, kumbe sufuria zile zimesomesha watoto mpaka chuo. Methali inamtaka anayetazama atahadhari na jicho lake mwenyewe. Reli yenyewe haisihi iheshimiwe.

Ila tusiisifu kupita kiasi. Chuma kimoja kilichotupwa porini hakipitishi hata toroli. Kinachoipa reli nguvu ni mataruma yaliyo chini yake, kokoto zilizoshindiliwa, na kutokatika: pengo la hatua chache tu, safari imekwisha. Muuza chapati anayefungua leo, kesho akalala, keshokutwa akahamia kona nyingine hana reli, ana vipande vya chuma.

Tena si kila kidogo kinabeba. Mikopo inayoitwa kausha damu nayo hujinadi kwa udogo: rejesho dogo tu, kila siku, hutalihisi. Ule ni udogo wa bandu bandu huisha gogo, na kwa nje hauna tofauti na udogo wa yule mteja wa robo. Wote wawili hubisha hodi kila asubuhi. Tofauti yao huonekana daftarini. Muuza chapati anayeandika unga, mafuta, mkaa, mauzo na rejesho ataijua kabla mwezi haujaisha. Asiyeandika ataijua siku wakopeshaji watakapokuja kubeba friji.