Sadaka au Deni?

Zakayo alipokutana na Bwana Yesu alitamka mambo mawili (Luka 19:1–10). Nusu ya mali yake aliahidi kuwapa maskini, na kila aliyemdhulumu aliahidi kumrudishia mara nne. Hayo ni mafungu mawili. La kwanza ni sadaka, la pili ni deni. Zakayo hakuyachanganya.

Mataifa yamebishana juu ya mafungu hayo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vidogo, ilipendekeza mfuko wa kuwafidia wanaopoteza ardhi kwa kupanda kwa bahari. Haukuundwa. Rio de Janeiro, 1992, ilikubaliwa kwamba wajibu ni wa wote, ila si sawa kwa wote. Kyoto, 1997, nchi tajiri ziliwekewa viwango vya kupunguza hewa ukaa. Marekani ilitia saini lakini haikuridhia. Paris, 2015, kila nchi iliachiwa ijiandikie ahadi yake, na uamuzi uliopitisha mkataba huo ukaeleza kwamba kifungu cha hasara na uharibifu si msingi wa kudai fidia. Mfuko wa hasara ulikubaliwa mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, lakini kwa michango ya hiari. Fungu la pili limeandikwa kwa jina la fungu la kwanza.

Kuna ubaya gani, ikiwa fedha ni ileile? Mtoa sadaka hupanga kiasi na siku, kisha hungoja shukrani. Mdaiwa hapangi. Anayelipwa haki yake kwa jina la msaada hudhulumiwa mara ya pili. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi inayovunja wajibu wake kuhusu tabianchi inaweza kupaswa kulipa fidia. Ni maoni tu, lakini neno deni limerudi mezani.

Sisi Walutheri tunafundisha kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Neema hiyo haifuti tunachodaiwa na jirani. Yesu alijialika nyumbani kwa Zakayo kabla hajalipa hata senti; malipo yalikuwa tunda la neema, si bei yake.

Nasi tusijifiche nyuma ya dhambi za matajiri. Anayechoma mkaa kwenye chanzo cha mto ana deni kwa aliye bondeni. Akimpelekea debe la mahindi wakati wa njaa amefanya vema, lakini deni la maji bado lipo. Apande miti.