Mkulima Anapolala

Bukene, wilayani Nzega, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, kiazi kitamu ndicho akiba ya miezi ya jua kali. Akina mama hukimenya, wakakikata vipande vyembamba na kuvianika mpaka vikauke kau: hiyo ndiyo michembe. Kikichemshwa kwanza ndipo kikatwe na kuanikwa, huitwa matobolwa.

Yanayotokea ndani ya tuta kabla ya kisu hayaonekani. Katika Injili ya Marko, sura ya 4, Yesu anasimulia habari za mtu aliyepanda mbegu, akawa analala na kuamka, nayo ikakua asijue inakuaje. Wahubiri wengi hushikilia kule kutojua, kana kwamba imani imekaa hapo. Je, akitokea anayejua?

Kwa kiazi mviringo ametokea. (Huyu si ndugu wa karibu wa kiazi kitamu: kitamu ni mzizi, mviringo ni shina lililovimba.) Mwaka 2011 Cristina Navarro, Salomé Prat na wenzao walieleza katika jarida la Nature kuhusu protini iitwayo StSP6A. Usiku ukirefuka, protini hiyo hutengenezwa kwenye jani, ikashuka kwa mirija inayobeba sukari hadi kwenye vikonyo vilivyo chini ya udongo. Navyo huacha kurefuka, vikaanza kuvimba. Tena, walipokipa kiazi protini ya mpunga, Hd3a, ile inayouamsha mpunga kutoa maua, kilizaa hata usiku ulipokuwa mfupi. Mpunga wa majaruba ya Nzega na kiazi cha Njombe hutumia matarishi wa ukoo mmoja!

Joto kali huipunguza StSP6A, na hiyo ni sababu mojawapo ya viazi mviringo kupenda baridi ya Njombe kuliko jua la Bukene.

Tarishi huyo hafanyi kazi peke yake. Hushikana na protini nyingine. Hapo kompyuta husaidia. Programu ya AlphaFold, iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024, hukisia umbo la protini na mahali inapoweza kushikana na mwenzake. Ni makisio, na lazima yapimwe kwenye mmea wenyewe.

Wataalamu husema protini inaamuru. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyefikisha barua Tabora kutoka pwani hakuwa ameiandika yeye. Ukimtafuta mwandishi utafika kwenye jani linalopima giza, kisha kwenye dunia inayozunguka, na swali la nani aliyeanza litakuwa bado lipo, tena zito zaidi.

Uzito wa mfano wa Marko hauko katika ujinga wa mkulima. Uko katika usingizi wake. Hata anayeijua StSP6A kwa umbo lake hulala usiku, na kiazi kikavimba bila mkono wake. Basi wahubiri wa Bukene waisome sura hiyo wakiwa na bwana shamba kando yao, na wamwache aeleze yote anayoyajua.