Ni Nani wa Kuzika Kitu Kilichokufa?

Kila mtu wa Lubumbashi anaujua mlima mweusi ulio karibu na bomba refu la moshi la kiwanda. Mlima huo haukuumbwa pamoja na vilima vingine. Ni mabaki ya tanuru, yaliyomwagwa hapo kwa miaka mingi baada ya shaba ya kwanza kuyeyushwa mwaka 1911. Shaba ilipanda gari la moshi ikaenda mbali. Mabaki yakawakalia wenyeji. Mwanzoni mwa karne hii watu walianza kuyayeyusha tena ili kupata kobalti iliyosalia ndani yake. Kumbe kilichoitwa taka kilikuwa mali.

Mlima huo unatuuliza swali la dhamiri: kitu kikiisha kazi yake, deni lake ni la nani?

Siku hizi swali hilo limeingia nyumbani mwetu, toka Katuba mpaka Ruashi, kwa njia ya simu iliyokufa na televisheni isiyowaka. Mwaka 2022 dunia ilipata tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ilijulikana kuwa imekusanywa na kutengenezwa upya ipasavyo.

Wengine wametafuta jibu kwa sheria. Jimbo la California, huko Marekani, lilitunga yake mwaka 2003. Anayenunua televisheni au chombo kingine chenye skrini hulipa dukani ada ndogo juu ya bei. Mwenye duka huipeleka serikalini, na serikali huwalipa wanaokusanya na kufungua vyombo vilivyokufa, kwa kadiri ya uzito. Jimbo la Maine, mwaka 2004, lilichagua njia nyingine: vyombo vilikusanywa, vikahesabiwa kwa jina la mtengenezaji, naye akapelekewa hesabu alipe. Karibu nasi, nchi ya Kenya ilitunga mwaka 2022 sheria inayowadai watengenezaji na waagizaji wajibu juu ya taka za bidhaa zao.

Njia ni mbalimbali, lakini hakuna hata moja inayomtoza jirani asiyefaidi kitu. Hiyo ndiyo haki. Aliyepata utamu wa kitu abebe na mazishi yake. Bei isiyo na mazishi ndani yake ni bei pungufu, na salio hulipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Kioo cha televisheni ya zamani kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Waya zikichomwa ili kupata shaba, mtoto aliye karibu huvuta moshi wake. Huyo ndiye anayelipa salio, tena kwa mapafu yake. Mla mbuzi hulipa ng'ombe; lakini hapa mbuzi kaliwa na mmoja, na ng'ombe anatoka zizini kwa mwingine.

Labda mtu atasema: “Sisi hununua vyombo vilivyokwisha kutumika Ulaya. Wenzetu walifaidi miaka mizuri. Mbona tuzike sisi?” Neno hilo lina haki ndani yake. Ada iliyolipwa kule hubaki kule. Maiti huja huku. Mwaka 1991 nchi za Afrika zilifanya Mkataba wa Bamako ili taka za sumu zisiingizwe barani. Lakini chombo kinachowaka hupita kama bidhaa, hata kifo chake kikiwa mlangoni. Haki kamili ingetaka ada isafiri pamoja na chombo.

Hata hivyo, deni la mwingine halifuti letu. Miaka miwili ya mwisho nayo ni faida. Basi tusichome waya uani. Tusimpe mtoto betri iliyovimba achezee. Kilichoharibika tumpelekee fundi anayejua kukifungua na kutoa vipuri vizima. Anayenunua shaba ya waya aulize imetolewaje. Na tuwaombe wenye mamlaka mahali pa kupokelea vyombo hivi, na ada ya haki ya kupaendesha.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi yetu. Wanaoitoa ardhini kwa jasho wasiachiwe tena mlima wa pili.