Jani Lililoanguka Semuliki



Ndugu zangu katika imani, wengi wenu mnanijua kwa sauti: mimi ndiye ninayeadhini Alfajiri hapa chuoni. Kwa sababu hiyo naona ni haki yenu mjue yaliyonipata likizoni.

Tulikwenda msitu wa Semuliki, wilaya ya Bundibugyo, magharibi mwa Uganda. Ni hifadhi ya taifa tangu 1993, kilomita za mraba 220, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Kwa asili ni mkono wa msitu mkubwa wa Ituri. Ukishaiacha barabara, ni njia ya miguu na matope. Miti ya muhimbi imefunga juu, mchana unakuwa kama magharibi. Pale Sempaya maji yanatokota kutoka ardhini, wageni huchemshia mayai. Subhanallah!

Tulikuwa watano, Mwislamu ni mimi tu. Adhuhuri niliichelewesha kwa nia ya kuijumuisha na Alasiri. Hiyo ni ruhusa ya msafiri, wala sina la kujilaumu. Lakini Alasiri iliingia nami nikaendelea kutembea. Mngesema niliwaonea haya wenzangu. Hapana, ukweli ni mbaya zaidi: hakukuwa na wa kuniuliza. Simu haina mtandao, imamu hayupo, nanyi hampo. Nikajiambia, "Bado kidogo." Jua likaelekea kuwa manjano.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza, Mkristo, akanisogelea taratibu. "Ndugu yangu, Waislamu ninaowaleta huku huniuliza kaskazini ni wapi. Wewe mbona hujauliza?"

Sikuwa na jibu. Katika kimya kile jani likadondoka mbele ya viatu vyangu, moja kati ya maelfu yanayooza pale. Katika Suratul-An'aam, aya ya 59, Mola anatufahamisha kwamba hata jani likianguka, habari zake anazo. Aya hiyo nimeihifadhi. Nimefanyiwa mtihani wa tafsiri yake nikapata alama nzuri. Nami nilidhani nimejificha!

Sasa najiuliza, zile Alfajiri namwitikia nani? Nawe uliye peke yako chumbani bwenini, mlango umefunga, jiulize lako.

Askari alininyooshea kaskazini, nikageukia kulia kidogo. Nikatawadha kwa maji ya chupa, nikaswali rakaa mbili, kisha mbili, juu ya majani mabichi. Yeye alisimama pembeni akiilinda njia mpaka nilipotoa salamu.

Niombeeni dua.