Nasaha kwa Wakili Anayesubiri Wateja

Mwanangu, siku Jaji Mkuu atakapokukubali kuwa wakili na jina lako likaingia kwenye Daftari la Mawakili, ndugu watakupongeza nawe utaamini kesi zitakufuata. Hazikufuati. Utalipa kodi ya pango, leseni ya mwaka na michango ya Chama cha Mawakili Tanganyika, na wiki nzima asije mtu ila anayetaka kugongewa muhuri kwenye kiapo. Mpokee huyo kwa heshima ileile utakayompa mwenye kesi ya mamilioni. Msomee kiapo chake, hakikisha anajua anachoapa, wala usigonge muhuri huku unaongea na simu. Wateja wengi wa mirathi na ardhi huanzia hapo.

Linalowavunja moyo mawakili wachanga kuliko yote ni neno "nitarudi." Mtu ameketi nawe muda mrefu, amekufungulia mambo ya nyumbani kwake, umemshauri, umemtajia ada, naye akanyanyuka akasema, "Sawa wakili, nitarudi." Harudi. Usimkasirikie, wala usijihukumu kwa haraka. Shamba la urithi husemwa na ukoo kabla ya mahakama, na huenda kaka mkubwa hajaridhia. Huenda wamesuluhishwa kwenye Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni usuluhishi tu. Hilo ni la kushukuru. Huenda fedha haijatimia na anaona haya kukuambia.

Mpigie mara moja baada ya siku chache, umuulize hali ya jambo lake. Kama muda wa kufungua shauri unakaribia kwisha, mwambie waziwazi. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, ya mkataba miaka 6, na watu hupoteza haki zao kwa kutoijua tarehe hiyo. Mwambie hata kama kazi hatakupa. Kisha mwache. Ukimpigia tena na tena atakuona una njaa, na hakuna anayemkabidhi mwenye njaa shamba lake.

Akirudi baada ya mwaka, shauri likiwa limeshaharibika mikononi mwa mwingine, usimlaumu, wala usimseme vibaya wakili msomi aliyekutangulia. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, kisha hesabu siku. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, na siku hizo hazimsubiri anayelalamika.

Jiulize pia, bila kujionea huruma, kama mtu alikuelewa. Wengi wetu tumesomeshwa sheria kwa Kiingereza, na mama aliyefiwa na mume hawezi kuamua jambo aliloelezwa kwa maneno asiyoyajua. Mweleze kwa Kiswahili cha nyumbani: hatua zipi, muda gani, gharama gani, na wapi anaweza kushindwa. Usimwahidi ushindi, hata ukimwona anauhitaji sana.

Sasa nikuonye juu ya vishoka. Wanazunguka viwanja vya mahakama na wodi za majeruhi wa ajali, wakikuletea mteja ili mgawane ada. Maadili yetu yanakataza, na Kamati ya Mawakili ina mamlaka ya kuliondoa jina lako kwenye daftari. Wanaoanguka hapo wengi si waovu. Ni vijana wenye deni la pango. Ndiyo maana nasisitiza habari ya fedha zaidi ya unavyotarajia kwa mzee kama mimi.

Miezi ya ukimya itumie kuhudumia wasio na uwezo, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inavyotuelekeza. Wiki ya Sheria ikifika, jitolee kwenye mabanda uwasikilize watu. Usiende kugawa kadi.

Na ada kubwa ya kwanza ikiingia, tenga kodi ya miezi ijayo na fedha ya leseni kabla hujanunua suti. Fedha za mteja, iwe fidia au malipo ya nyumba inayouzwa, zikae kwenye akaunti ya peke yake, na usiziguse hata siku unayokosa nauli ya kurudi nyumbani.