Haki ya Kurudi Nyumbani

Kila anayemaliza kutazama Navalny, filamu ya hali halisi ya Daniel Roher iliyotoka 2022, huuliza swali lile lile: kwa nini alirudi? Agosti 2020 Alexei Navalny, mpinzani wa Rais Putin wa Urusi, alizidiwa ndani ya ndege akitoka Tomsk, mwilini mna sumu ya Novichok. Akapona Berlin. Januari 17, 2021 akapanda ndege kurudi Moscow, na penye ukaguzi wa pasipoti polisi wakamzuia. Akambusu mkewe, Yulia, akaondoka nao.

Swali hilo limeshikilia kwamba uhuru ni kukaa mahali usipoweza kukamatwa. Kwa kipimo hicho, basi aliutupa.

Sokrate naye alikataa kutoroka gereza la Athens, kwa hoja kwamba sheria za mji ndizo zilizomlea. Navalny hakuwa na sheria za namna hiyo za kuzitii. Alihukumiwa kifungo kwa kutoripoti kwa maofisa, na miongoni mwa siku alizohesabiwa kosa ni zile alizokuwa akiuguzwa Ujerumani! Kilichomrudisha ni dai moja tu: Urusi si mali ya Putin. Mtu hadai hivyo kisha akangoja ruhusa ya Putin ili aingie. Angebaki Berlin, dai lake lingekuwa la kweli bado, ila mtawala ndiye angekuwa anaamua nani Mrusi wa nyumbani na nani mgeni.

Kurudi nyumbani ni haki, si wajibu. Sithubutu kumwambia mkimbizi yeyote wa kisiasa kwamba amekosea kubaki ugenini. Gereza humfunga mmoja, na watoto wake wakalipa pia. Wala haki hii haidai utakatifu. Roher anamuuliza Navalny kuhusu kuandamana kwake na wazalendo wa siasa kali, na jibu lake halikuniridhisha. Nchi ilikuwa yake vilevile.

Alifariki Februari 16, 2024, akiwa na miaka 47, katika gereza la Kharp, kaskazini kabisa mwa Urusi. Mama yake alifunga safari kwenda kuudai mwili, akazungushwa kwa takriban wiki nzima. Utawala wenye majeshi na magereza ulikuwa ukihofia hata maiti isije ikarudi kwao. Alizikwa Moscow Machi 1, mchana kweupe, na maelfu ya wakazi wa jiji hilo wakatoka wakiliita jina lake kwa sauti mbele ya polisi.