Ubongo na Amana ya Mzazi: Suali la Degedege katika Handeni na Korogwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanaadamu kwa akili, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baadu.

Suali lenyewe ni hili. Zaid ni mtu wa kijiji katika Handeni. Mwanawe wa miaka 3 ashikwa na homa jioni, na usiku wa manane macho yapinduka, meno yakazana, viungo vyatetema. Wazee wa nyumba wasema kuwa hii ni degedege, si maradhi ya sindano. Mtoto afukizwa moshi, aogeshwa maji ya majani, hata kunapambazuka. Afikapo hospitali amekwisha nyong'onyea, na pengine afa. Je, Zaid ana dhima mbele ya Mola wake, au amekwisha timiza wajibu kwa kufanya aliloliona kwa wazee wake? Na mtoto akipona, lakini asirudi kama alivyokuwa, dhima hiyo ni ya nani?

Suali hili halina jawabu mpaka kwanza kijulikane kitu kilichoshikwa usiku ule. Nacho ni ubongo.

Ubongo katika mtu mzima uzito wake ni kadiri ya gramu 1,300 hadi 1,400. Umewekwa ndani ya fuvu kama johari sandukuni, na umevishwa nguo tatu: ya nje ni nene na ngumu, ya kati ni mfano wa utando wa buibui, na ya ndani ni nyembamba, imeshikamana nao. Mafakihi waliijua sitara hii tangu zamani. Jeraha la kichwa lifikalo kwenye utando wa ubongo huliita maamuma, na fidia yake ni thuluthi ya dia. Na mwenye kumpiga mtu hata akili yake ikaondoka moja kwa moja, juu yake ni dia kamili, sawa na aliyeua. Basi na aitazame msomaji hukumu hii: sharia imeipima akili ya mtu kwa mizani ile ile ya uhai wake.

Sehemu kubwa ya ubongo imegawanyika pande mbili. Upande wa kulia huamrisha mwili wa kushoto, na wa kushoto huamrisha mwili wa kulia. Mwaka 1861 tabibu Mfaransa, Paul Broca, alibainisha mjini Paris kuwa mahali pa kuyatunga maneno ni mbele ya upande wa kushoto. Ndiyo sababu mtu aliyepoozwa na kiharusi upande wa kulia mara nyingi hupotewa na kusema pia. Nyuma, chini yake, pana ubongo mdogo, ushikao mizani ya mwendo na mikono. Na chini kabisa pana shina la ubongo, lisimamialo pumzi na mapigo ya moyo, mtu awe macho au amelala. Ndani yake mna chembe za fahamu kadiri ya bilioni 86, zisemezanazo kwa nguvu ndogo za umeme. Nao ubongo, ingawa ni fungu moja tu katika mafungu 50 ya uzito wa mwili, hutumia kadiri ya khumsi ya hewa safi ivutwayo na mwili wote. Kwa hivyo hauwezi kuvumilia njaa. Damu ikizuiliwa dakika chache tu, chembe zake huanza kufa, na zilizokufa hazifufuki kama ngozi iotavyo juu ya kidonda.

Wanavyuoni wamekhitalifiana akili inakaa wapi. Wengi katika madhehebu ya Shafi wamesema ni moyoni, na matabibu, na pamoja nao Abu Hanifa kwa ilivyopokewa, wamesema ni kichwani. Imam Nawawi ameyataja mambo haya katika sharhi yake ya Sahihi Muslim. Waliosema ni kichwani walitoa hoja kuwa ubongo ukiharibika na akili huharibika. Wakajibiwa kuwa huenda Mwenyezi Mungu amejaalia ada yake iwe hivyo, kuiharibu akili ubongo uharibikapo, ijapokuwa akili haimo ndani yake. Khilafu hii ni ya makao ya akili. Ama kuwa ubongo ukidhurika akili hudhurika, hilo wote wamelikubali, nalo linatosha kwa suali letu: mwenye kuupuuza ubongo wa mtoto ameipuuza akili yake, popote ikaapo.

Sasa degedege. Vijidudu vya malaria viingiavyo kwa kuumwa na mbu huingia katika chembe nyekundu za damu. Katika aina iliyo kali kuliko zote, chembe hizo zilizoingiwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo midogo ya ubongo. Njia huziba, ubongo hukosa hewa na chakula, pengine huvimba. Umeme wake huchafuka, viungo vikatetema. Kisha mtoto hupotewa na fahamu. Ni kweli si kila degedege ni malaria iliyopanda kichwani. Homa peke yake yaweza kumtetemesha mtoto mdogo kisha ikapita salama, na homa ya uti wa mgongo nayo huleta mtetemo. Lakini aliye nyumbani gizani hawezi kuzipambanua. Hupambanuliwa kwa kupimwa damu, na kwa tabibu kumtazama mgonjwa. Na miongoni mwa watoto waokokao malaria ya ubongo wamo wabakiao na kifafa, au udhaifu wa mkono na mguu, au uzito wa kujifunza. Mwalimu wa chuoni humwona mtoto wa namna hiyo akirudia ubao mmoja mwezi mzima, naye hukaripiwa kwa uvivu asiokuwa nao.

Hadithi ya Zaid si ya kubuni kwa upande wa ada. Mwaka 2006 ulitolewa uchunguzi uliofanywa Handeni na Kilosa juu ya waganga wa kienyeji na malaria kali ya watoto walio chini ya miaka 5. Ilidhihirika kuwa homa nyepesi watu huipeleka zahanati, lakini mtoto akishatetemeka hupelekwa kwa mganga, kwa kuitakidi kuwa ni kazi ya pepo. Yaani maradhi yakiwa mepesi hupelekwa penye dawa, na yakiwa ya kuua huondolewa penye dawa. Huku ni kulipindua jambo chini juu.

Akisema msemaji: majini wapo, na asiyeamini kuwapo kwao amekanusha yaliyothibiti, huambiwa: na hapana anayekanusha. Lakini Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, alipokuja katika mlango wa maradhi ya kichwa alisema kwa maana hii: ikiwa jini ndiye sababu, basi hafanyi kazi yake illa kwa kuyabadili maji ya mwili, na tabibu shughuli yake ni hayo yaliyobadilika. Hoja hii haijavunjika mpaka leo. Chanzo na kiwe chochote, kilichoziba ni mishipa ya ubongo, na chenye kuzibua ni dawa. Kumsomea mtoto ni jambo jema, nako kwaweza kufanywa njiani mtoto akiwa amebebwa. Hakuhitaji kungoja mapambazuko.

Akisema: sindano humuua mwenye degedege, huambiwa: mtoto aliyecheleweshwa hufika akiwa karibu na kufa, hupigwa sindano, hufa, na sindano ikabeba lawama ya usiku mzima. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya majaribio makubwa yaliyofanywa katika nchi 9 za Afrika kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, na hospitali za Muheza na Korogwe zilikuwa miongoni mwa mahali pa kazi hiyo. Walipewa baadhi yao kwinini, na baadhi yao dawa iitwayo artesuneti, nayo ni ya sindano. Katika wa kwinini walikufa 10.9 kwa mia, na katika wa artesuneti 8.5 kwa mia. Basi sindano ile iliyoogopwa ndiyo iliyowaokoa waliookoka.

Akisema: kujitibu katika madhehebu yetu ni sunna, si wajibu, na mwenye kutawakali na kusubiri ana daraja, hii ndiyo hoja yenye uzito, nayo yataka kutazamwa vyema. Imepokewa katika Sahihi Bukhari habari ya bibi mmoja mweusi aliyekuwa akianguka kwa kifafa. Alimwendea Mtume, naye akamkhiarisha baina ya kusubiri apate Pepo, na kuombewa afya. Bibi yule akachagua subira, akaomba tu asifunukwe nguo aangukapo. Katika habari hii mna mambo mawili. La kwanza, hakuambiwa kuwa ana aibu, wala hakufukuzwa, bali aliahidiwa Pepo. La pili, aliyechagua ni yeye mwenyewe, na mwili ni wake, na akili yake ilikuwa timamu alipochagua. Mtoto wa Zaid hakuchagua kitu. Subira ni ya mwenye kuumwa. Baba hana haki ya kusubiri kwa mwili wa mwanawe, kama asivyo na haki ya kutoa sadaka mali ya yatima aliye mikononi mwake. Walii ameamrishwa kutenda lenye maslaha kwa aliye chini yake. Tena Imam Baghawi amesema kuwa tiba huwa wajibu pale ijulikanapo kuwa shifa imo ndani yake. Basi ikikutana dawa iliyojaribiwa na mtoto asiye na khiari, nafasi ya kungoja haibakii.

Kwa hivyo jawabu ni kuwa Zaid, ikiwa hakujua wala hakupata wa kumjulisha, udhuru wake u kwa Mola wake, naye ni Mwenye kusamehe. Ama aliyekwisha julishwa, na hospitali yafikika, kisha akangoja kwa kuogopa maneno ya watu, ameitupa amana. Na lawama haimwishii yeye peke yake. Humfikia jirani mwenye chombo cha kumpakia asimpakie, na mwalimu ajuaye akanyamaza.

Yabakia Amri, ambaye degedege lilimwachia kifafa. Watu wa mjini kwake wamkimbia aangukapo, wakidhani povu lake laambukiza, hata akaungua jikoni mbele ya macho yao. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Aangukapo aondolewe penye moto na maji, alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko mdomoni wala asibanwe. Na mtetemo ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali. Dawa zake zipo, na mojawapo, fenobabitoni, yatumika tangu mwaka 1912. Sharti lake ni kunywewa kila siku bila ya kukatiza. Udhu wake hutenguka apotewapo na fahamu, na sala iliyompita wakati wake wote akiwa amezimia hailipi. Arejeapo fahamuni ni mtu kamili: kuuza kwake ni sahihi, na kuoa kwake ni sahihi, na haki ya kusoma chuoni ni yake.

Ama aliyeharibikiwa na akili yenyewe, kalamu imeinuliwa juu yake, lakini kalamu ya jamaa zake haikuinuliwa. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, wamishonari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 nyumba ya watoto waliotolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi hiyo ikaendelezwa na Kanisa la Kilutheri. Si aibu kwa Mwislamu kumpeleka nduguye penye tiba. Aibu ni kumfunga kamba mtini.

Basi na alitie moyoni kila mwenye mtoto: homa ya jioni isingojewe usiku, na mtetemo wa usiku usingojewe asubuhi. Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu na za watoto wetu, na atujaalie kuwa waaminifu wa amana zake. Amin. Wallahu aalam.